Mpokea Mizigo wa Mlimani

Jua lilikuwa linazama siku yao ya pili milimani, na maji yalikuwa yamekwisha.

"Wewe pumzika, baba," mkewe alisema, akishika madumu mawili matupu. "Chemchemi si hiyo hapo chini? Naenda na kurudi."

Fundi hakubisha. Mikanda ya mkoba ilikuwa imemchuna mabega. Alimtazama mkewe akiteremka kwenye majivu meusi, vumbi likimfuka miguuni, mpaka ukungu ukammeza.

Yeye alikuwa seremala, mkewe nesi. Walikuja huku kwa sababu nyumbani hapakukalika tena. Binti yao wa pekee walimwita Chiriku, maana mdomo wake haukupumzika tangu anaamka mpaka usingizi umchukue katikati ya sentensi. Alikufa akiwa na miaka sita. Homa ilimpanda mtoto wakati mama yake yuko zamu, wodini, anawahangaikia watoto wa wenzake. Jeneza alilichonga Fundi mwenyewe, kwa mikono yake. Tangu hapo mkewe akawa mtu wa kukaa ukingoni mwa kitanda na viatu vya kazi miguuni, asiende kazini wala asivivue. Alikula kama anayemeza mchanga.

Dada yake Fundi ndiye aliyesema, "Mtoe hapo nyumbani kabla hujazika wawili." Ndipo walipomtafuta mwongozaji, bwana mmoja mwembamba, mchache wa maneno, awavushe milima ile ya volkeno kwa miguu. Walilala kwenye mahema. Walipita kando ya mashimo yanayofuka moshi wa kiberiti, juu ya mawe meusi yenye matundu kama mkate ulioumuka. Siku ya kwanza nzima mkewe hakutamka neno.

Sasa alikuwa anakawia.

Ukungu ulipanda, na harufu ya mayai viza ikapanda nao. Fundi akasimama. Akatega sikio...

Mtu alikuwa anaimba.

Mkewe akachomoza ukunguni, dumu kila mkono, mgongo umenyooka, anatembea kama msichana anayewahi harusi.

"Nimekutana na mama mmoja huko," alisema, akitua madumu. "Mwema huyo! Kaniambia, 'Pole na mzigo, mwanangu. Nikupokee?' Nikamwambia, 'Nipokee, mama, nimechoka.'"

"Mbona madumu umekuja nayo mwenyewe?"

Mkewe akayatazama madumu. Kisha akacheka. "Kweli eh! Basi sijui alipokea nini."

Fundi naye akacheka. Angefanya nini? Kicheko kile hakuwa amekisikia tangu msiba. Walipokula, mkewe aliongeza sahani ya pili. Akamtania mwongozaji kwamba miguu yake ni njiti za kiberiti, akikimbia sana itawaka.

Mwongozaji hakucheka. Alikuwa ameacha kutafuna.

"Huyo mama," aliuliza polepole, "ulimwona uso?"

"Aa, ukungu ulikuwa mzito. Nilimwona mgongo tu, anaondoka. Alikuwa amejitwika... vitu vingi."

Mwongozaji akaweka sahani chini.

Asubuhi Fundi aliamka na moyo mweupe. Akachemsha chai mwenyewe, akaita, "Mama Chiriku! Njoo kabla haijapoa!"

Mkewe alikuwa anafunga kamba za viatu. Hakuitika.

"Mama Chiriku!"

Akainua uso, akageuka kutazama nyuma yake, kama anamtafuta anayeitwa.

"Unamwita nani?"

"Nakuita wewe."

"Chiriku ndiye nani?"

Fundi alidhani ni utani, tena utani mbaya. Akamtazama machoni. Macho yalikuwa maangavu, matulivu. Hayakuficha kitu. Akatoa simu, akamfungulia picha: Chiriku na pengo lake la mbele, amekalia rundo la takataka za randa.

"Mtoto mzuri," mkewe alisema. "Wa nani?"

Fundi akaizima simu.

Alimvuta mwongozaji nyuma ya jabali. "Niambie. Huyo mama ni nani?"

"Wengine wanasema alikuwa mpagazi, akafa chini ya mzigo, na watu walipita wasimpokee. Wengine wanasema si mtu hata kidogo." Mwongozaji alinong'ona, akiuangalia ukungu. "Mimi najua moja tu. Akikuuliza, usimwitikie."

"Na hukutuambia!"

"Ningewaambia nini, kaka? Kwamba mkipewa pole mnyamaze? Mngenicheka mpaka jioni."

"Anarudisha?"

"Mwenyewe akiomba. Lakini ataomba nini, naye hajui alichopoteza?"

Fundi hakungoja zaidi. Akateremka peke yake. Kulikuwa kumekucha, lakini ndani ya ukungu ule mchana haukuwa na maana. Ardhi ilikuwa na joto chini ya soli. Mvuke ulipumua kwenye nyufa. Fssss... kisha kimya.

Halafu akasikia hatua. Nzito. Mguu mmoja unakokotwa.

Krrr... Krrr...

Akauona mgongo. Furushi juu ya furushi, mashuka yaliyochakaa, kamba, magunia, rundo limepanda kupita kimo cha mlango. Na yale mafurushi yalikuwa yanapumua. Kwenye furushi la juu kabisa ulining'inia mguu mdogo, mtupu, unachezacheza. Na kasauti kembamba kalikuwa kanaongea bila kituo: "...na kesho baba atanitengenezea kiti, halafu nitakipaka rangi, halafu keshokutwa..."

"Chiriku!"

Maneno yakakatika.

"Baba?"

"Nirudishie," alisema. "Nakuomba, mama. Nirudishie mwanangu."

"Mzigo huu si wako." Sauti ilikuwa ya upole, upole wa mama mzazi, na hapo ndipo hofu ilipompata hasa. "Kanipa mwenyewe, kwa mdomo wake. Wako bado unao. Pole, mwanangu, naona unavyokuelemea. Nikupokee?"

Akalikumbuka lile jeneza. Lilivyokuwa jepesi alipolinyanyua kutoka kwenye meza ya kazi. Akamkumbuka mkewe jana, anaongeza chakula, anacheka. Ni neno moja tu. Mdomo ukafunguka wenyewe.

Lakini akitoa na yeye, nani duniani atajua kwamba Chiriku alipata kuishi?

Akaung'ata ulimi mpaka akaonja damu. Akageuka, akaanza kupanda.

"Baba? Mbona unaondoka?"

Alipanda.

Hakukata tamaa. Alirudi na mkewe, akamshika mkono, akamsihi aseme maneno manne tu. Mkewe alimwonea huruma mumewe anayetetemeka hivyo. Akaukabili ukungu, akasema, "Nirudishie mwanangu, mama. Tafadhali."

Ukungu ukauliza, "Mwanao nani?"

Mkewe akamgeukia, uso umejaa aibu ya mtu aliyesahau jina la mgeni. "Nani vile?"

"Chiriku!" Fundi alipiga kelele. "Anaitwa Chiriku!"

Krrr... Krrr... Hatua zikaenda zake.

Walishuka mlima. Mkewe alirudi wodini, na wenzake wakamshukuru Mungu kwamba nesi wao amepona. Watoto wagonjwa walimgombania. Nyumbani aliimba akifua. Jumapili moja Fundi alimpeleka makaburini, asimweleze kitu. Mkewe aliinama, akang'oa majani kwa uangalifu, akapangusa kibao.

"Maskini," alisema. "Alikuwa na umri gani?"

Siku hiyo Fundi alijifungia karakanani, akawasha msumeno wa umeme, akauacha uungurume bila ubao ili mtu asimsikie analia. Kila jioni alimsimulia mkewe habari za Chiriku, na mkewe alizipokea kama mwanafunzi mtiifu. Alijua kujibu. Lakini alijibu ili kumridhisha.

Kisha ikaja asubuhi moja ya baada ya mvua. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka mitaani, umekaa madirishani. Kulikuwa kunaanza kupambazuka. Fundi alikuwa macho, anawaza mbao za kupasua, aliposikia uchochoroni mguu unakokotwa.

Ukasimama chini ya dirisha lao.

"Mama," kasauti kakaita.

Pembeni ya Fundi, mkewe alishtuka, akainua kichwa kwenye mto. Akasikiliza. Moyo wa Fundi ukaruka. Ita jina lake, mke wangu, liite... Alitaka kumtikisa, lakini mikono haikumtii.

"Mama, nifungulie. Baridi."

Mkewe alivuta blanketi mpaka shingoni.

"Mtoto wa nani huyo," alinung'unika, "wanayemwacha azurure alfajiri yote hii?"

Akageukia ukutani. Punde si punde, akawa anakoroma.