Seva ya Nne Kutoka Ekerenyo

Harufu ya udi ndiyo iliyomsimamisha Farhiya mlangoni. Chumba cha seva cha hospitali yao, pale Kisii mjini, kilijulikana kwa baridi na mvumo wa feni, basi. Hakuna aliyewahi kufukiza kitu humo.

"Mzee, husikii harufu?"

"Harufu gani? Kagua prosesa tuunganishe," alijibu Angwenyi, mkuu wake wa kitengo, macho kwenye simu.

Seva tatu za hospitali, zilizoendesha hata mashine za wagonjwa mahututi, zilifanya kazi kama moja: moja ikizimika, wenzake huibeba kazi yake. Ya nne ilikuwa imeletwa kutoka zahanati iliyofungwa huko Ekerenyo. Ili iingie kundini, prosesa yake, yaani ubongo wake, ilipaswa kuwa ya jamii moja na zile tatu, kwa sababu kazi haihamii kwenye mashine yenye akili tofauti.

Farhiya aliiwasha. Skrini ikaonyesha prosesa ya kizamani.

"Haitafaa, mzee. Hii ni ya miaka ile."

Angwenyi alipoinama kutazama, maandishi yalikuwa yamebadilika. Jina lilikuwa lile lile la zile tatu.

"Si inalingana? Umechoka tu." Akatoka kwenda kunywa chai.

Mvua ya alasiri ilianza kupiga mabati. Farhiya aliizima seva, akachomoa waya wa umeme, akafungua kifuniko na kunyanyua chuma kinachopoza prosesa. Chini yake palikuwa patupu. Hapakuwa na prosesa yoyote. Akiwa bado anapatazama, feni zisizo na umeme zikaanza kuzunguka, taratibu kwanza, kisha kwa kasi, na kutoka ndani ya ile seva sauti ya mwanamke ikamnong'oneza, karibu kabisa na sikio, "Nipishe nihamie."

Alikimbia hadi nje ya jengo, akampigia mjomba wake, Maalim Shueib, anayesomesha madrasa karibu na soko. Walipoingia pamoja, kanzu ya maalim ikichuruzika maji, Angwenyi alikuwa amerudi, amefunga kifuniko na kuiunganisha ile seva na wenzake.

"Mimi ni Msabato," alisema akimtazama maalim. "Mambo ya majini sina."

Kabla hajajibiwa, muuguzi Eucabeth alifungua mlango akihema. "Angwenyi, mmefanya nini? Mapigo ya wagonjwa mahututi wote yamekuwa sawa. Moyo mmoja, vitanda vyote! Na wanaanza kukosa pumzi!"

Maalim Shueib akaanza kusoma aya za Kurani. Udi ukawa mzito hadi macho yakawawasha.

"Nitaenda wapi?" sauti ililia. "Walikufa wote kule zahanati, wakafunga mlango, wakaniacha peke yangu."

"Toka, usidhuru viumbe wa Mungu," alisema maalim. Kisha akawageukia, kwa sauti ya chini. "Asiiguse mtu kabla sijamaliza."

Lakini kutoka wodini mtu alipiga yowe, na Angwenyi, ambaye maisha yake yote alikuwa mtu wa kungoja kuambiwa, aling'oa nyaya zote kwa mkupuo, akaikumbatia ile seva kifuani huku feni zikivuma kama mnyama aliyenaswa, akapita nayo koridoni, akashuka ngazi, akatoka kwenye mvua na kuibwaga juu ya saruji mpaka ikapasuka vipande. Kimya kikaingia. Ile harufu ikatoweka.

"Wanapumua," Eucabeth, aliyekuwa amekimbilia wodini, alirudi kusema, machozi yakimtoka. "Kila mmoja na mapigo yake."

Angwenyi alirudi ndani, akaketi kwenye benchi la koridoni, akicheka kidogo kwa uchovu. Eucabeth akamfunga kipimo cha presha mkononi. Hakikusoma kitu. Akaleta kingine. Nacho kimya. Mwishowe akamshika kifundo cha mkono kwa vidole vyake, akatulia, akasogeza vidole hadi shingoni, akatulia tena.

"Vipi, sista?" Angwenyi aliuliza kwa upole, pumzi yake ikinukia udi.

Eucabeth aliondoa mkono polepole, akamtazama Farhiya.

"Hakuna," alinong'ona. "Hakuna kinachopiga humu ndani."