Chaki Kwenye Nati

Siku ile ofisi ya mizigo ilifurika watu mpaka mlangoni, na kila mtu alikuwa na haraka kuliko mwenzake. Mshonaji alikuwa amevaa gauni la njano alilojishonea mwenyewe, lenye mifuko miwili mikubwa ya mbele, na alikuja kuchukua robota lake la kitambaa cha bitana. Robota lilikuwepo, tatizo ni kwamba juu yake palikuwa na sanduku la mbao, na juu ya sanduku amekaa mwanamume mrefu mwenye bwelasuti la bluu, anakunywa soda bila wasiwasi wowote duniani.

"Kaka, umekalia mali ya watu."

"Samahani, dada. Nilidhani ni godoro la ofisi."

"Ofisi gani ina godoro?"

"Hii. Nipo hapa tangu asubuhi, nilikuwa karibu kuwaomba na mto."

Alitaka kukasirika, kicheko kikamponyoka. Mwanamume akaruka chini, akashusha sanduku. Nyuma yake yalikuwa yamepangwa mengine kumi.

"Umenunua nini vyote hivi, nyumba?"

"Lori."

"Liko wapi?"

"Limo humu. Linakuja vipande vipande na kijitabu chake, unaliunga mwenyewe nyumbani."

"Na breki pia unaziunga mwenyewe?"

"Hasa breki."

"Mungu wangu!" alisema mshonaji, akashika kifua kwa ajili ya mtu asiyemjua hata kidogo. Ndivyo alivyoumbwa. Hakuwahi kutoka nyumbani bila kurudi mlangoni kuhakikisha amezima pasi. Kijana akamwangalia akiwa ameshika kifua kwa mikono miwili, akaona hajawahi kuhurumiwa vizuri namna ile. Aliomba namba ya simu kabla robota halijafika kwenye mizani.

Kazi yake ilikuwa kutengeneza mafriji, na alikuwa amechoka kubembeleza wenye magari wamsaidie kuyabeba huku wateja wakiondoka. Basi lori, dogo la kijani lisilo na milango, likaungwa kwenye gereji ya nyumba ya mama yake, miezi sita, kipande baada ya kipande. Mshonaji alikuja kila akipata nafasi. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, katika harufu ya grisi na mpira mpya, akishona vifuniko vya viti, huku kijana akisoma kijitabu kwa sauti ya mtangazaji wa redio. Mshonaji alimwita Bwana Masanduku, naye akaitwa Fundi, kana kwamba nyumba ile ina fundi mmoja tu. Wasipoonana, walipigiana simu.

"Umekula?"

"Nimekula mkate."

"Mkate si chakula, laazizi."

"Na wewe umezima pasi?"

"Nimezima."

"Umerudi kuangalia?"

"Mara mbili."

"Basi na mimi nakupenda mara mbili."

Yangeendelea hivyo kama si ile Jumanne. Alhamisi saa nne lori lilitakiwa kufikishwa kwenye kituo cha ukaguzi, na Jumanne mchana Bwana Masanduku alikuwa chali chini yake, miguu tu ndiyo inaonekana.

"Fundi wangu," alisema kutoka huko chini, "pitia nati za mbele zote, za magurudumu na za usukani. Zijaribu kwa spana, uniwekee alama."

Alizijaribu moja moja. Nyingi hazikusogea. Saba zilisogea, na kila iliyosogea aliichora msalaba kwa chaki iliyokuwa mfukoni mwake. Zile saba zikamtia homa.

"Mpenzi, kwa nini usimwite fundi magari mzoefu alitazame kabla halijaingia barabarani?"

"Nimelifunga mwenyewe, nalijua kuliko yeyote."

"Sijasema hulijui. Nimesema watazame watu wawili."

Miguu ikajivuta, uso ukatokea umepakaa grisi. Ulikuwa uso wa mtu aliyelala vibaya wiki nzima. "Kila siku ni breki, kila siku ni usukani. Mimi siogopi! Wewe una wasiwasi kama mama yangu!"

"Basi kaliendeshe na mama yako!"

Spana ilianguka sakafuni, geti likapigwa, na zile nati saba hazikuzungumzwa tena. Siku mbili nzima kila mmoja alikaa na simu yake mkononi akingoja mwenzake aanze. Wapenzi wana ujinga wao, na huu ndio wa kwanza.

Alhamisi asubuhi mshonaji alikuwa kazini, futi ya kupimia ikining'inia shingoni, alipoitwa na mwenye duka. Wote walimwita Bosi, mwanamke ambaye Mungu hakumnyima mwili wala sauti.

"Hili koti umelimaliza?"

"Nimelimaliza, Bosi."

"Mbona lina chaki begani?" Bosi alishika brashi, akafuta mara mbili. "Mteja akiona chaki anajua kazi bado. Iliyokwisha haina chaki, au umesahau?"

Hakuwa amesahau. Ni kitu kingine kilichomjia, kikamfanya ashike ukingo wa meza. Alimkumbuka Bwana Masanduku nyumbani kwa mteja, amepiga magoti nyuma ya friji. Anakaza nati, anachovya brashi ndogo kwenye rangi nyeupe, anapitisha mstari juu yake. "Yenye alama nimemaliza," alikuwa amesema. "Isiyo na alama, bado."

Yenye alama nimemaliza.

Alipiga simu. Ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena, na tena. Mwishowe akampigia dada yake Bwana Masanduku.

"Wifi, kaka yako yuko wapi?"

"Ameondoka na lori lake, kapiga honi mtaa mzima. Simu kaisahau mezani, naiona tu inaita. Mmepatana?"

"Ameondoka saa ngapi?"

"Nusu saa sasa hivi. Wifi, kuna nini?"

Alikata simu. Kituo cha ukaguzi kiko chini ya mteremko mrefu, na mwisho wa mteremko pana kona yenye ukuta wa mawe. Aliikodi pikipiki ya kwanza iliyopita, akapanda na futi yake shingoni. Njia nzima alitazama kushoto na kulia. Katikati ya mteremko aliona watu wamejikusanya kando ya barabara, na roho ikamruka. Walikuwa wanachagua viatu vya mitumba.

Kwenye kona ukuta ulikuwa mzima. Langoni, mlinzi alipekua daftari lake taratibu.

"Lori la kijani, halina milango? Hapana, dada. Halijafika."

Halikuwa limefika, wala njiani hakuliona. Alikaa juu ya ukingo wa barabara. Alianza kuwaza hospitali zipi ziko karibu, na ataulizaje, na atasema yeye ni nani wake. Hapo ndipo simu ilipolia.

"Wewe, kazi umeiachia nani?" Ilikuwa sauti ya Bosi. "Kuna mtu hapa mlangoni na lori la kijani, anakutaka wewe."

"Anaongea?"

"Anaongea mno."

"Bosi, mnyang'anye funguo!"

"Nimnyang'anye nini?"

"Funguo! Asiwashe! Akikataa mkalie!"

Aliporudi, lori lilikuwa mbele ya duka, na Bosi amekaa kwenye benchi na funguo chini yake. Kando alisimama Bwana Masanduku, shati jeupe limepigwa pasi, kola imemkaba, sura ya mtu asiyejua kosa lake lipi limegunduliwa.

"Fundi, nimekosa," alianza. "Nilikuwa naenda ukaguzi, nikashindwa. Nimezunguka njia ya tambarare, gia ya pili, mpaka hapa. Nilitaka uwe mtu wa kwanza kulipanda, halafu..."

Hakumsikiliza. Alipiga magoti vumbini na gauni lake, akashika kwa vidole nati yenye msalaba wa chaki, akaizungusha. Ikazunguka kama kifuniko cha chupa.

Bwana Masanduku alichuchumaa. "Lakini hiyo ina alama."

"Ina alama kwa sababu haijakazwa!"

"Yenye alama..."

"Kwako! Kwangu mimi chaki ni kazi iliyobaki!"

Ilimchukua muda kuelewa. Halafu akaigusa ile nati kwa kidole. "Jana nilikaza zote zisizo na alama," alisema. "Nikashangaa mbona hakuna hata moja inayosogea. Nikasema labda nilishazikaza, nikasahau." Akageuka kutazama upande wa mteremko. "Kama ningenyoosha moja kwa moja..."

"Usiseme!" Alimpiga kifuani kwa ngumi zote mbili, akilia kwa sauti, na wateja wa Bosi wakatoka nje na nguo zao za majaribio. "Ningekuua. Kwa chaki yangu, ningekuua!"

"Nisikilize. Ningekuuliza neno moja tu. Siku mbili nzima nilikuwa na simu mkononi, nikajifanya mwanamume."

Alikamata ngumi zake, akazituliza. Bosi alikuwa tayari anapiga simu kumwita fundi magari wa mtaa wa pili, akimwamuru aje alitazame lori lote, kuanzia taa. Safari hii mwenye lori hakubisha.

"Nilipanga nikuombe baada ya ukaguzi," alisema kwa sauti ya chini. "Nilitaka liwe limepita, uone nimeweza. Sasa sitaki kungoja. Nakuomba nikuoe. Naogopa, Fundi. Tangu nilipolipandisha kwenye jeki naogopa, usiku silali, na kila ulipouliza habari ya breki nilikuchukia kwa sababu na mimi hilohilo ndilo nililokuwa naliwaza."

Mshonaji alijifuta macho kwa ncha ya futi yake.

"Sema tena."

"Nakuomba nikuoe."

"Siyo hilo. Lile la pili."

Aliangaza macho pande zote. Watu walikuwa wengi, na Bosi alikuwa ameteremsha simu ili asikie vizuri.

"Naogopa," alisema.

"Basi nimekubali."