Ua la Thelathini na Tisa

— Narcisse, hii karatasi uliandika lini?

Ndiyo kwanza alikuwa anaketi, viatu vimejaa vumbi la njia ya kutoka Lilongwe. Sikumpa hata maji. Nilikuwa nyuma ya cherehani yangu, hapa kambini Dzaleka, na daftari lake la zamani nimelikata nusu. Aliniletea mwenyewe, nipate karatasi za kukatia magauni. Msomi mzima, akasahau kwamba fundi wa Bukavu anasoma Kifaransa.

— Ile ni ya zamani.

— Iko na tarehe. Mwezi wa tatu, 1998. We uliniahidi mwezi wa tano.

Akainama kukung'uta vumbi la viatu.

Sasa yeye ni mtunza bustani kwa tajiri mmoja mjini, lakini kabla ya vita alikuwa anahesabu kromosomu za mimea katika maabara kule kwetu. Alichanganya chavua za rododendroni mbili, vichaka vya maua vya bosi wake, akaniletea mche kwenye kopo la maziwa. "Siku itazaa mbegu, njo tutaenda kwa pasta atangaze majina yetu ya ndoa." Miaka mitatu nimeumwagilia maji ya kupanga foleni. Umechanua mara mbili, maua yakaanguka bila kuacha hata punje.

Nikamsomea:

— "Baba 26, mama 52, mtoto 39. Haitazaa." Nielezee.

— Ni kromosomu, Véné, njo nyuzi za uzazi. Mmea ikitaka kuzaa, inazigawanyaka mbili sawasawa. Baba alitoa nusu yake, 13, mama 26; makumi tatu na tisa haigawanyike.

— Kwa hiyo ulijua.

— Nilijua.

— Miaka tatu namwangiliaka maji kitu unajua haitazaa. Juu ya nini? Kama haunitake, si ungesema?

— Nakutaka. Njo shida yenyewe. — Akatazama chini. — Iko Régine. Bibi yangu wa ndoa. Tulipotezana ku njia ya Uvira, mwaka wa 96. Kila mwezi naulizaka Croix-Rouge, ile ya Msalaba Mwekundu, kama kuko barua. Sijue kama iko muzima.

Nilimhurumia, na huruma hiyo ndiyo iliyoniudhi zaidi.

— Ungeniambia tungoje barua ya Régine, ningengoja. Hata miaka kumi.

— Basi tungoje sasa.

— Sasa nimechoka, Narcisse.

Nikamrudishia kopo lake. Akalibeba kwa mikono miwili, akasimama mlangoni.

— Na daftari yangu?

— Iache. Nakata robe ya arusi ya jirani yangu Annie. Pasta alishatangaza majina yao na mchumba wake.