Beti Mbili Zilizorukwa

Msimu wa kahawa huko Bwera hauna huruma na mtoto mvivu. Kila siku baada ya shule Alisi alivua sare, akanywa uji uliobaki, kisha akakimbilia nyuma ya nyumba. Huko mashine ya kumenya kahawa ya mama yake, Mama Medius, ilinguruma, na majirani walipanga foleni na magunia yao. Mwendeshaji wa mashine alikuwa Benedicte, msichana mkubwa aliyetoka upande wa Bunia, ng'ambo ya mpaka. Aliishi nao mwaka wa pili sasa, na kwa kuwa hakujua Lhukonzo, lugha ya wenyeji, nyumba nzima ilisema naye Kiswahili.

Jumamosi moja mashine ilitoa mlio mkali, ikasimama. Mama Medius alifungua kifuniko, akatoa gia kubwa. Meno matatu yalikuwa yamekatika, na gia yenyewe haikuwa imemaliza hata mwezi.

"Gia mpya haivunjiki hivi hivi," alisema. "Hapa kuna mkono wa mtu."

Maneno hayo yalimwingia Alisi. Asubuhi alikuwa amemwona Benedicte ameinama peke yake kwenye mashine, nyundo mkononi. Tena siku ya soko alimwona akinong'ona na kucheka na Edisa, mwanamke mwenye mashine nyingine upande wa pili wa barabara. Alisi alijumlisha moja na moja, akapata jibu, na lo, jibu lenyewe likamfurahisha! Alijiona mpelelezi. Akamnong'oneza mama yake.

"Nyundo?" Mama Medius aligeuka. "Wewe Benedicte, asubuhi ulikuwa unagonga nini hapa?"

"Mama, nilisikia mashine iko nalia mubaya. Nikagonga polepole, nisikie ni fasi gani inalia."

"Na Edisa? Mlikuwa mnacheka nini sokoni?"

"Aliniuliza niende kutumika kwake. Nikamwambia hapana. Tukacheka tu."

"Mbona hukuniambia?"

Benedicte alipangusa mikono kwa kitenge chake. Watu wa foleni wakatazamana, na mmoja akaguna kwamba watu wa ng'ambo huwezi kuwajua.

"Kaka yangu Kosmasi ndiye aliyetengeneza gia hii," alisema Mama Medius. "Kesho atakuja kuiangalia. Akisema imepigwa, Benedicte, utafunga mzigo wako."

Jioni hiyo Alisi hakumwondolea Benedicte macho. Benedicte aliosha sahani kimya. Bila shaka dhamiri ilikuwa ikimsuta. Hakula, alikuwa na siri. Alikunja vitenge vyake akavitia katika mfuko. Basi, kesi imekwisha! Alisi alikuwa amefika mahali ambapo hata kikohozi cha Benedicte kilikuwa ushahidi.

Jumapili baada ya ibada, mjomba Kosmasi aliwasili kutoka Kasese. Huko, katika mtaa wa Bulembia, alikuwa na karakana ndogo ya kuyeyusha vyuma vikuukuu na kutengeneza vipuri vya mashine. Aliipeleka gia kwenye mwanga, akaigeuza huku na huku.

"Nyundo ingeacha alama hapa nje," alisema. "Hakuna alama." Kisha akapangusa pale palipokatika. "Njooni muone."

Ndani ya chuma kilichong'aa mlikuwa na mstari wa vipunje vya kijivu, kama madonge ya unga katika uji uliokorogwa vibaya.

"Hii ni takataka," alieleza Kosmasi. "Chuma kikiyeyuka kinameza hewa. Tunatia vipande vya alumini ili viifyonze. Lakini alumini na hewa vikishikana, vinazaa punje ngumu zenye kona, ndogo kuliko vumbi, nazo zinatapakaa kila mahali. Hapo tunatia dawa ya kalsiamu. Zile punje zinalainika, zinakuwa duara, zinaungana na kukua, halafu zinapanda juu kwenye mavi ya chuma."

Usicheke, msomaji, ndivyo mafundi wanavyoliita povu la uchafu linaloelea juu ya chuma kilichoyeyuka.

"Tunayakwangua, tunamimina chuma safi," aliendelea. "Lakini punje zinapanda polepole. Ukimimina mapema, zinabaki ndani. Gia itang'aa, itafanya kazi, na siku moja itakatika papo hapo zilipojificha."

"Basi mlimimina mapema," alisema Mama Medius.

"Haiwezekani! Tuliimba beti zote sita." Kosmasi alikuna kichwa. "Sijui. Labda mtu alitia kitu kwenye mashine."

Macho ya Mama Medius yakarudi kwa Benedicte.

Hapo Alisi akazikumbuka zile beti. Katika karakana ya mjomba, muda wa kusubiri haukupimwa kwa saa. Kosmasi aliwahi kutumia simu, joto likaipasua kioo. Kwa hiyo mtu mmoja alisimama mlangoni, mbali na moto, akaimba wimbo wa kanisani wenye beti sita. Tanuri lilinguruma, hakuna aliyemsikia. Mafundi walitazama mkono wake tu: ukiinuliwa, wanamimina.

Wakati wa likizo, siku gia ya mama ilipotengenezwa, mwimbaji alikuwa Alisi. Gari la Bwera lilikuwa likipiga honi nje. Aliimba ubeti wa kwanza na wa pili, akarukia wa tano, akamaliza, akainua mkono.

Hakuna aliyejua. Hakuna hata aliyemshuku! Angenyamaza, jambo lingeishia kwa Benedicte, aliyekuwa ameketi kizingitini, mfuko magotini. Alisi aliona aibu mpaka masikio yakawaka.

"Mjomba," alisema, "niliimba beti nne. Niliogopa gari litaniacha. Dada Benedicte hana kosa."

Mama Medius alimtazama binti yake, kisha akaenda kizingitini, akauchukua ule mfuko.

"Nisamehe, mwanangu. Nilikukosea."

"Mama," Benedicte alijibu huku akilia, "uliniuliza mbele ya watu."

"Basi na mbele ya watu tutasema."

Na ndivyo ilivyokuwa. Jumatatu, mbele ya foleni ileile, mama aliomba radhi, na Alisi akasimulia kosa lake. Yule aliyeguna juzi alijifanya anafunga gunia.

Jumamosi iliyofuata Alisi na Benedicte walikwenda Bulembia kufuata gia mpya. Chuma kilipokuwa tayari, fundi mmoja aliuliza nani ataimba.

"Yuleyule," alisema Kosmasi.

Alisi alisimama mlangoni, Benedicte kando yake. Katika ubeti wa tatu, gari la Bwera lilipiga honi. Katika wa nne likapiga tena, kwa hasira. Alisi aliimba wa tano, akaimba wa sita, akasema amina. Ndipo alipoinua mkono.

Baada ya kumimina, Kosmasi alivua kinyago, uso umelowa jasho.

"Uliporuka beti, uchafu ulijificha ndani ya chuma, na lawama ikamwangukia asiye na kosa," alisema. "Lakini ulisema kweli wakati hakuna aliyekushuku, ndiyo maana leo nimekuamini tena. Kazi uliyopewa ifanye yote, hata kama hakuna anayekusikia. Na kabla hujamnyooshea mwenzako kidole, jichunguze wewe kwanza."

"Ndiyo, mjomba."

Benedicte alichungulia nje. "Gari imesha kwenda," alisema, akacheka kwa mara ya kwanza wiki ile. "Kaa hapa, mudogo wangu. Tutangoja ingine."