Jirani Aliyegonga Ukuta

Nyumba yao ilikuwa ya vyumba viwili na sebule, katikati ya mtaa mfupi wenye nyumba ishirini na mbili. Baba alikuwa mwokaji mikate. Aliondoka alfajiri, akarudi saa nane mchana akiwa bado na unga kwenye nyusi. Mama alikuwa fundi wa nguo, na mtaa mzima ulimwita Mama Cherehani. Cherehani yake ilikaa sebuleni, imesogezwa karibu na ukuta. Ukuta huo ulikuwa mmoja na wa nyumba ya pili. Wao huku, jirani kule.

Jirani huyo alikuwa mzee aliyeishi peke yake. Alitengeneza saa, ndiyo maana wakamwita Mzee Saa. Wakikutana mlangoni ilikuwa "Shikamoo, mzee," na "Marahaba," kisha kila mtu anashika njia yake. Miaka sita ilipita hivyo, bila ugomvi na bila mazoea.

Jumanne moja jioni, Mama Cherehani alikuwa anashona sare za shule. Binti yao wa darasa la sita alikuwa mezani na madaftari yake. Mara wakasikia: ko, ko, ko.

"Nini hicho, mama?"

"Mzee Saa huyo. Labda anapigilia misumari."

Ko, ko, ko. Mwokaji alikuwa amejinyoosha kwenye kochi, usingizi ndio kwanza umemchukua. Akaamka na hasira.

"Huyu mzee vipi? Mtu hawezi kupumzika nyumbani kwake?"

"Mwache, mzee wa watu. Atamaliza."

Hakumwacha. Aliinuka, akakunja ngumi, akaugonga ukuta mara tatu kwa nguvu, hadi picha yao ya harusi ikaenda upande. Kule kukawa kimya.

"Umeona? Amesikia," Mwokaji alisema, akajilaza tena.

Jumatano asubuhi mlio ukarudi. Safari hii ulikuwa mdogo, umelegea, kama wa mtu aliyechoka. Mama Cherehani alikuwa na wateja wawili wanaosubiri. Akakanyaga cherehani kwa kasi. Ule mlio mwingine ukapotea.

Alhamisi, saa nane na nusu mchana, msoma mita wa maji alipita mtaani na daftari lake. Alibisha hodi kwa Mzee Saa. Kimya. Akabisha tena. Akaenda dirishani, akaweka viganja pembeni mwa macho, akachungulia ndani.

"Jamani! Jamani njooni! Kuna mtu chini!"

Mwokaji alitoka mbio na kijiko cha chakula mkononi. Mlango ulikuwa na komeo kwa ndani. Akausukuma kwa bega mara moja, mara ya pili, ukafunguka.

Mzee Saa alikuwa sakafuni, kati ya kitanda na ukuta. Mguu wake mmoja ulikuwa umegeuka vibaya. Midomo ilikuwa imepasuka kwa ukavu. Ndoo ya maji iliyokuwa karibu na mkono wake ilikuwa tupu. Vidoleni alikuwa ameshika kikombe cha bati, na pale ukutani, chini kabisa, rangi ilikuwa imebanduka kwa kugongwa.

Mama Cherehani aliona ile sehemu iliyobanduka. Akaitazama. Akakaa chini palepale.

"Mungu wangu," alisema. "Alikuwa anatuita."

Mwokaji akainama amnyanyue mzee. Msoma mita akamshika mkono.

"Usimnyanyue! Hiyo nyonga huenda imevunjika. Ukimvuta utamwumiza zaidi. Mfunike blanketi apate joto, tupige simu hospitali."

Gari la wagonjwa likaja. Watu wa mtaa wakajaa mlangoni, karibu ishirini. Mhudumu wa gari akatoa karatasi.

"Jina la mgonjwa?"

"Mzee Saa," alijibu mtu mmoja.

"Hilo mnalomwita. Naomba jina lake."

Watu wakatazamana. Mmoja akakohoa. Hakuna aliyejua. Msoma mita akafungua daftari lake, akalitaja jina la mzee pamoja na la baba yake na la babu yake. Mtu anayepita mtaani mara moja kwa mwezi ndiye aliyemjua. Mwokaji akatazama vidole vya miguu yake. Hakula tena siku ile.

Jumamosi yeye na mkewe walikwenda hospitali. Mzee Saa alikuwa amelala chali, mguu umefungwa. Kando yake alisimama afisa ustawi wa jamii, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya upole. Alikuwa anauliza nani atamtunza mzee akiruhusiwa.

Mwokaji alipiga magoti karibu na kitanda.

"Shikamoo, mzee wangu. Nimekuja kuomba radhi. Jumanne ile..."

"Marahaba, mwanangu. Radhi ya nini?" Mzee Saa alitabasamu. "Nilianguka asubuhi ile. Sauti ilinikauka kwa kupiga kelele, cherehani ikaizidi. Nikaanza kugonga. Jioni nikasikia mmenijibu, mara tatu. Lo, nilifurahi! Nikajua mmenisikia. Nikaacha kugonga, nikawa nawangoja mje hadi asubuhi."

Mwokaji, mtu mzima yule, akalia, mabega yanatikisika, na mkewe hakujua amshike wapi.

Aliporudi nyumbani alikuwa na neno moja tu.

"Mtaa huu lazima tujuane. Lazima!"

Lakini alianza kwa pupa. Alibandika matangazo kwenye nguzo: KIKAO CHA UJIRANI MWEMA, WOTE MNAKARIBISHWA. Akaazima kipaza sauti na spika mbili kubwa. Akapanga viti arobaini kwa mistari, akaweka meza kuu mbele yenye kitambaa cheupe. Walikuja watu kumi na mmoja. Wakakaa viti vya nyuma. Muziki ulikuwa mkubwa, mtu hasikii hata anachokisema mwenyewe. Mwokaji alihutubia kuhusu upendo kwa nusu saa. Alipomaliza wakapiga makofi, wakaenda zao.

"Wengine walidhani unagombea cheo," binti yake alimwambia.

Siku hiyohiyo afisa ustawi alikuja kuangalia nyumba ya Mzee Saa, kama magongo yatapita mlangoni. Akamkuta Mwokaji anakunja viti peke yake, uso umemshuka.

"Watu wa hapa wana roho ngumu, dada," Mwokaji alisema. "Nimewaita, hawaji."

"Umewaitaje?"

"Kwa matangazo."

"Tangazo likiandikwa kwa wote, kila mtu anadhani anaitwa mwenzake. Na waliokuja, leo wamejua majina ya wangapi?"

Mwokaji akafikiri. "Sijui. Labda hakuna."

"Wangejuaje? Wametazama mgongo wa mtu wa mbele, wakasikiliza spika. Tukutane, sawa. Lakini kukaa pamoja tu hakutoshi. Watu huzoeana mikono ikiwa na kazi na midomo ikiwa na nafasi ya kuongea."

Mama Cherehani akaleta chai. "Sasa tufanye nini, dada?"

"Hebu niambie, wewe una nini cha kuwapa majirani?"

"Mimi? Nina sindano tu."

"Na nani mwingine anajua kazi ya mikono hapa mtaani?"

"Yule wa nyumba ya kona anachomelea vyuma. Kuna kinyozi. Kuna mama anayetengeneza pasi na majiko ya umeme, nasikia."

"Unasikia! Basi kamsikie vizuri. Pita nyumba kwa nyumba. Usimwambie mtu 'njoo kwenye kikao'. Mwulize jina lake, mwulize anajua kufanya nini, na kitu gani kimeharibika nyumbani kwake. Chagueni asubuhi moja kila mwezi, mtengenezeane vitu barabarani. Saa mbili tu, zinatosha. Viti viwe duara. Spika rudisheni. Na tarehe isibadilike, watu wazoee."

"Na wasioweza kutoka?" aliuliza binti.

Afisa akamgeukia. "Swali zuri sana. Hao ndio wa kwanza. Kila anayeishi peke yake apate nyumba mbili za kumwangalia. Kila asubuhi salamu moja, na ujibiwe. Usipojibiwa, usiendelee na safari yako. Lakini mwombeni ruhusa kwanza. Mtu asione mnamchunga kama mfungwa."

Wiki mbili zilizofuata Mama Cherehani na mumewe walipita nyumba zote ishirini na mbili. Walishtuka tena na tena. Waligundua kwamba mama wa majiko ya umeme alikuwa muuguzi zamani. Waligundua kwamba ndugu wawili wa nyumba ya mwisho hawakuwa ndugu, walikuwa mtu na mkwewe. Mlango mmoja ulifunguliwa na kijana aliyehamia miezi minane iliyopita, akawaambia, "Nyinyi ni wa kwanza kubisha hodi."

Jumamosi ya kwanza watu walikuja na vitu vyao. Feni. Mwavuli wenye mbavu zilizovunjika. Suruali zisizo na zipu. Mchomelea vyuma alileta mashine yake. Mzee Saa, aliyekuwa ametoka hospitali, aliketi kivulini na kioo chake cha jicho, mguu umenyooshwa kwenye kigoda, saa za watu zimejaa mapajani. Anayesubiri suruali yake alikuwa hana la kufanya ila kuongea na aliye kando yake. Hivyo wakaongea.

Dereva mmoja wa malori, mtu wa mizaha, aliyeishi peke yake nyumba ya kumi na tisa, alisimama kiunoni ana kanga ya Mama Cherehani huku suruali yake inashonwa.

"Cheka tu, shemeji," alimwambia Mwokaji. "Lakini nisikilizeni. Mimi nina kisukari, najidunga sindano. Siku mkiniona natetemeka, jasho linanitoka na naongea ovyo, sukari imeshuka. Nipeni maji ya sukari haraka."

Muuguzi akaongeza, "Kama anaweza kumeza. Akiwa amezimia, msimtie kitu mdomoni. Mlazeni ubavu, mpige simu hospitali."

Watu wakaitikia. Wakaendelea na kazi zao.

Mwezi wa tatu, Jumamosi ya kutengenezeana vitu, saa tatu na robo, kiti cha Dereva kilikuwa kitupu. Jana yake alikuwa amemwambia kinyozi kwamba ataleta redio ya lori.

"Dereva yuko wapi?" Mzee Saa aliuliza.

"Salamu ya alfajiri aliitikia. Amelala, ana uchovu wa safari," mtu mmoja alijibu.

Mama Cherehani alikuwa ameshika mkasi. Akauweka chini. Alianza kwenda nyumba ya kumi na tisa, kisha akaanza kukimbia, na alipogeuka aliona mtaa mzima uko nyuma yake.

Walibisha. Ndani kulisikika sauti, lakini maneno hayakueleweka. Mlango ulikuwa umefungwa. Mchomelea vyuma aliukata mkono wa kitasa, wakaingia. Dereva alikuwa amekaa sakafuni jikoni, shati limelowa jasho, macho yanatazama bila kuona. Alimwita Mwokaji kwa jina la mtu mwingine.

"Anameza?" muuguzi aliuliza. Akampa tone la maji. Akameza. "Haya, sukari! Vijiko vitatu, koroga!"

Mwokaji alikoroga kwa haraka, nusu ikamwagika. Dereva akanywa kidogo kidogo, kichwa chake kimeegemea mkono wa muuguzi. Binti alikuwa ameshapiga simu hospitali. Dakika zikapita. Kisha Dereva akapepesa macho, akawatazama watu kumi na watano waliojazana jikoni kwake, akautazama mlango.

"Nyie," alisema taratibu, "nani kanivunjia kitasa?"

Kicheko kilichotoka pale kilikuwa cha watu walioogopa sana. Gari la wagonjwa lilipofika, muuguzi alipanda pamoja naye. Daktari alimweleza muuguzi baadaye kwamba Dereva angekaa hivyo saa moja zaidi, mambo yangekuwa mengine.

Mwokaji hakucheka. Alitoka nje, akakaa kwenye ngazi ya nyumba ya kumi na tisa. Kikombe kilikuwa bado mkononi mwake, na vidole vinanata sukari. Mama Cherehani akaja, akakaa kando yake, bega kwa bega.

"Ilikuwa saa ngapi tulipoondoka pale?" aliuliza Mwokaji.

"Saa tatu na robo."

"Na sasa?"

"Saa nne kasoro kumi."

"Na Mzee Saa alitungoja siku mbili," alisema Mwokaji, akatikisa kichwa kwa muda mrefu, kama mtu anayeambiwa habari asiyoweza kuiamini. Mbele yao, mchomelea vyuma alikuwa ameshapiga magoti mlangoni, anapima kitasa kipya, ili Dereva akirudi akute nyumba yake inafungika.