Daktari wa Panya

Fundi alipozinduka alijikuta amelala ubavu kwenye sakafu ya duka la vitambaa, kichwa juu ya koti la mwanamume asiyemjua, wateja wamemkodolea macho. Mwenye koti alikuwa amechuchumaa, mikono ya shati jeupe ameikunja, anatazama saa.

"Dakika mbili na nusu," alimwambia. "Umerudi sasa."

Miaka yote ya kifafa chake watu walimkimbia au walimlilia. Huyu alikuwa amekaa akamhesabia. Moyo wa Fundi ulihamia kwake palepale, bila hata kuaga.

Kumbe alikuwa mtafiti. Maabara yake ilijaa panya wenye kifafa na magunia ya majani makavu.

"Kila ukianguka, ubongo unapata kama kutu," alimweleza kwenye simu. "Majani haya yana vitu vinavyozuia kutu hiyo, vinaitwa antioksidanti. Panya wanaopewa wanaanguka mara chache."

"Basi niletee na mimi, daktari wa panya."

"Kwani wewe panya?"

"Njoo uutafute mkia."

Wakawa wapenzi, na Fundi akambembeleza mwezi mzima. Mkono wake wa kulia ulikata magauni ya harusi yaliyosifiwa mji mzima, na sasa alitaka kushona lake, alivae bila kuanguka mbele ya wakwe. Mwishowe mpenzi wake alimletea kichupa cha vidonge vya kijani.

"Meza pamoja na dawa za hospitali, mpenzi. Usije ukaziacha."

Alimeza zote bila kuruka siku, na miezi mitatu hakuanguka. Dawa za hospitali zilikuwa zikimsinziza mchana kutwa, sindano ikimchoma vidole. Akajiona amepona, akazimwaga chooni. Hakumwambia mtu; alitaka kumshtukiza mpenzi wake siku ya kuvishwa pete.

Wiki haikuisha. Alianguka peke yake kibandani mwake mwa kushonea, na pasi ya moto ikamwangukia mkono wa kulia, ikakaa hapo mpaka jirani aliposikia harufu.

Mtafiti alifika wodini na pete mfukoni. Daktari alikuwa ameshasema vidole vile havitashika mkasi tena.

"Majani yako yamenitupa," Fundi alisema.

Mwanamume aliinamisha kichwa. "Hayakuwa majani. Ulikuwa unga mtupu na rangi."

"Unga?"

"Kwa binadamu hatujui bado kama yanadhuru. Nilikupenda, nikaogopa kuyajaribu kwako. Na wewe hukuacha kuomba. Nikaona unga hauna ubaya, maadamu unameza za hospitali."

Fundi alimtazama kwa hasira. "Huko maabara wapo wanaopewa unga?"

"Nusu yao. Ndivyo tunavyopata kulinganisha."

"Wanajua?"

"Panya hawajui." Alitoa pete. "Nataka kukuoa. Nitakutunza."

"Utafiti ukiisha, wale wa unga mnawafanyaje?"

Aliigeuzageuza pete vidoleni.

"Sema. Wewe si mtu wa vipimo?"

"Tunawaua. Tunafungua ubongo, tunaangalia."

Fundi alivuta shuka kwa mkono wa kushoto, akajifunika mpaka kidevuni.

"Haya. Umeshaangalia. Nenda."

Akaondoka. Fundi alisikiliza viatu vyake hadi mwisho wa korido, akimpenda vilevile, na hakumwita.