Maharagwe ya Mwisho ya Bibi Solveig

Kila siku ya juma, ilipofika saa tatu asubuhi, meza ya jikoni ya akina Thea iligeuka kuwa darasa. Mama aliondoa vikombe vya kahawa, akapangusa makombo, akaweka vitabu. Thea, mwenye umri wa miaka kumi na miwili, alikaa upande wa dirisha. Mdogo wake Berit, wa miaka minane, alikaa karibu na jiko kwa sababu hakuweza kustahimili baridi. Hawakuwa wamewahi kusoma shule nyingine. Walimu wao walikuwa wawili, Mama na Bibi Solveig, mama yake Mama, ambaye aliwafundisha mambo ya mimea na ushonaji.

Bibi Solveig alizikwa mwanzoni mwa Oktoba. Tangu siku hiyo masomo yalipooza. Mama aliweza kusoma sentensi nusu, akanyamaza, akatazama nje kana kwamba kuna mtu anakuja. Huko nje hapakuwa na mtu. Mahindi yalikuwa yamevunwa, yamebaki mabua yaliyokatwa. Miti ilikuwa imepukutisha majani yote. Novemba ya Wisconsin, huko kaskazini mwa Marekani, ina rangi moja tu, nayo ni ya majivu.

Siku ya Jumatatu, juma la Sikukuu ya Shukrani, ambayo huangukia Alhamisi, Mama alifungua kitabu cha sayansi.

"Leo tunasoma kuhusu vijidudu vya kwenye vyakula," alisema. "Thea, soma wewe."

Thea alisoma. Kitabu kilisema kuna vijidudu vinavyoishi udongoni ambavyo haviuawi na maji yanayochemka. Ili kuviua, chakula cha kusindikwa kwenye chupa hupikwa kwa presha kali, kwa muda wote uliowekwa, bila kukatiza. Vikibaki hai ndani ya chupa iliyofungwa, hutoa sumu. Sumu hiyo haina harufu, haina rangi, haina ladha, na kiasi kidogo sana kinaweza kumpoozesha mtu mzima hata ashindwe kupumua.

Alipofika hapo aliacha kusoma.

"Endelea," Mama alisema.

"Koo linaniuma."

"Mwongo huyo," alisema Berit. "Anaogopa vijidudu."

"We Berit, fanya hesabu zako."

Thea hakuogopa vijidudu vya kitabuni. Aliogopa vilivyokuwa chini ya miguu yake, katika ghala la chini ya nyumba, ambako chupa ishirini na moja za maharagwe mabichi zilipangwa rafuni.

Mambo yalikuwa hivi. Mwishoni mwa Agosti, Bibi akiwa kitandani hajiwezi, maharagwe aliyoyapanda mwenyewe mwezi wa Mei yalikomaa yote kwa mara moja. Mama aliyachuma, akayakatakata pamoja na maganda yake, akayasindika kwa mikupuo mitatu, chupa saba kila mkupuo. Katika mkupuo wa pili Bibi aliita kutoka chumbani, akitaka kugeuzwa. Mama alimwambia Thea: "Tazama mshale wa presha wa sufuria. Huo mshale usishuke chini ya kumi na moja. Dakika ishirini na tano. Ukishuka niite, maana itabidi tuanze kuhesabu upya."

Thea alikaa akitazama. Kisha Berit alimwita barazani: kipepeo alikuwa anatoka kwenye gamba lake, mabawa yamekunjamana kama karatasi iliyoloa. Thea alitoka kutazama kwa muda mfupi tu, na ule muda mfupi ukawa mrefu. Aliporudi mshale ulikuwa kwenye sita. Hakujua umekaa pale kwa muda gani. Aliongeza moto mpaka ukapanda, akangoja saa ya ukutani itimize zile dakika bila kuanza kuhesabu upya, akazima.

"Mshale ulikaa vizuri?" Mama aliuliza aliporudi, macho mekundu.

"Ndiyo, Mama."

Vifuniko vilijibana vyenyewe kama kawaida, chupa zikameta. Jioni hiyo chupa za mikupuo yote mitatu zilipelekwa ghalani zikachanganywa. Thea akasahau. Sasa kitabu kilikuwa kimemkumbusha.

Alikusudia kusema siku hiyohiyo. Lakini mchana alimkuta Mama ghalani, amesimama mbele ya rafu, kiganja chake kimelala juu ya kifuniko kimoja.

"Hatuyagusi mpaka Alhamisi," Mama alisema bila kugeuka. "Tutamkumbuka nayo."

Thea akapanda ngazi kurudi vitabuni. Jumanne akajiambia labda hazikuharibika. Jumatano akajiambia atasema usiku, na usiku ulipofika akajifunika blanketi mpaka kichwani.

Alhamisi kulikucha na mvua yenye barafu. Milio ya bunduki ilisikika mbali mlimani, maana ulikuwa msimu wa kuwinda paa, lakini Babu Halvor, mume wa marehemu, hakwenda kuwinda mwaka huo. Alikaa kwenye kiti karibu na oveni na kofia yake mapajani. Bata mzinga aliokwa, viazi vikapondwa, pai ya maboga ikawekwa dirishani ipoe. Mama alifungua chupa mbili za maharagwe, akayachanganya na mchuzi wa uyoga, akamwagia vitunguu vya kukaanga juu, akayaingiza ovenini. Thea alipanga sahani. Uma zilimponyoka mara mbili.

"Una nini leo?" Baba alimuuliza.

"Hamna kitu."

Saa nane waliketi. Nyumbani kwao ilikuwa desturi kila mtu aseme jambo moja analolishukuru kabla ya kula. Berit alishukuru kwa mbwa wao. Baba alishukuru kwa mavuno. Mama alifungua kinywa, akashindwa, akatikisa kichwa, na hakuna aliyemhimiza.

Zamu ya Babu ikafika. Alivuta bakuli la maharagwe karibu yake.

"Mimi nashukuru kwa haya," alisema polepole. "Aliyapanda akiwa amepiga magoti. Nilimwambia, mama wee, acha, unaumwa. Akasema, Halvor, na wewe utakula nini Novemba?" Akacheka kidogo, akachota kijiko kizima.

"Babu, usile."

Wote waligeuka. Thea alikuwa amesimama, kiti chake kimeanguka nyuma.

"Yana nini?" Baba aliuliza.

Basi akasema. Alisema habari ya kipepeo, na mshale, na namba sita, na kwamba hajui ni chupa zipi. Alisema upesi, akiitazama chumvi.

"Nilikuuliza," Mama alisema. Sauti yake haikupanda. "Thea. Siku ile nilikuuliza."

"Ndiyo, Mama."

"Na Jumatatu tumesoma sura nzima, wewe mwenyewe ukisoma kwa kinywa chako."

"Ndiyo."

Mama alisimama, akachukua bakuli, akaliweka sinkini bila kulimwaga, akabaki ameshika kingo za sinki. Berit alianza kulia.

Babu alirudisha kijiko mezani. Kisha uso wake ulibadilika.

"Jumatatu jioni nilimpelekea Agda chupa moja," alisema.

Bibi Agda Nygaard alikuwa mjane wa miaka themanini na mmoja, aliyeishi peke yake ng'ambo ya kijito, mwendo wa dakika tano kwa gari. Baba alipiga simu, ikaita mpaka ikakatika. Akachukua funguo.

"Thea, vaa koti. Utamwambia wewe."

Njiani Thea alizitazama fito za kupangusia mvua kwenye kioo cha gari zikienda na kurudi, akaomba moyoni amkute Bibi Agda hajaifungua ile chupa.

Bibi Agda aliwafungulia mlango akiwa na aproni. "Simu nimeisikia, lakini miguu yangu haiwahi simu. Kuna nini, mbona sura zenu kama za msibani?"

"Bibi Agda," Thea alisema, "yale maharagwe aliyoleta Babu. Umeyala?"

"Jumanne. Kwa siagi. Mazuri kweli, Solveig hakuwa na mpinzani." Akawatazama mmoja baada ya mwingine. "Ehe, semeni."

Thea alisema tena yote. Mara hii ilikuwa vigumu zaidi, kwa sababu Bibi Agda alimtazama machoni muda wote. Alipomaliza, mwanamke yule alivua aproni, akaikunja mara nne.

"Kwa hiyo huenda ninakufa na huenda sifi," alisema. "Kwa umri wangu, si tofauti sana na Jumatano iliyopita. Nipe koti langu, mtoto."

Baba alipiga simu kwa wataalamu wa sumu, nao wakasema apelekwe hospitali. Daktari alimmulika machoni, akamwambia ameze maji, akamwambia abane ngumi. Akasema haoni dalili yoyote, lakini sumu ile inaweza kukawia. Aangaliwe mpaka zitimie siku kumi tangu ale. Asiachwe peke yake hata kidogo. Akianza kuona vitu viwiliviwili, kope zikilegea, au akishindwa kumeza, arudishwe mara moja. Chupa zote zilizobaki zisiguswe wala zisitupwe kwanza, zisije zikahitajika kupimwa.

Bibi Agda akaletwa nyumbani kwa akina Thea, akapewa chumba cha Bibi Solveig. Tangu Oktoba hakuna aliyelala humo, hata Babu, aliyehamia chumba kingine. Mama alitandika shuka akiwa amefunga midomo, na siku hiyo hakuna aliyekula bata mzinga ila Berit, kipande kimoja, kwa kusimama.

Kazi ya Thea ikawa moja. Asubuhi, mchana na jioni aliingia chumbani, akampa Bibi Agda gazeti asome mstari mmoja, akapitisha kidole mbele ya macho yake, akampa glasi ya maji na kumtazama akimeza. Kisha alikwenda kumwambia Mama alichokiona. Mama alimsikiliza, halafu akaenda kutazama mwenyewe. Kila mara alikwenda kutazama mwenyewe. Hilo ndilo lililomuumiza Thea kuliko kugombezwa.

"Unaona vidole vingapi?" aliuliza siku ya Jumamosi.

"Kimoja. Kina wino," alijibu Bibi Agda. "Na wewe nakuona mmoja. Nikikuona wawili nitajua nimekwisha, maana hata huyu mmoja ananichosha."

Thea alitaka kucheka, akalia badala yake.

"Haya, haya. Lia ukimaliza unisomee matangazo ya vifo. Nataka kujua nani amenitangulia."

Jumapili usiku Bibi Agda alikohoa alipokuwa akinywa supu, na nyumba nzima ikasimama. Ilikuwa karoti tu. Jumatatu alilalamika kichwa kinamuuma, na Baba akampeleka tena hospitali, wakarudi jioni na habari kwamba ni mafua. Thea alikonda. Katika masomo aliandika tarehe, kisha chini ya tarehe hakuandika kitu. Mama hakumkemea. Alimwambia tu, "Saa sita imefika. Nenda kamtazame."

Ijumaa ya pili, siku kumi zilitimia. Daktari alimpima Bibi Agda kwa mara ya mwisho, akasema yuko salama, aende kwake. Labda chupa yake ilikuwa ya mkupuo mzuri, labda ile mbaya haikuota sumu, hakuna atakayejua. Kwa chupa zilizobaki uamuzi ulikuwa mmoja. Kwa kuwa hazitambulikani, zote zitupwe.

Alasiri hiyo Babu alimwita Thea ghalani. Waliingiza chupa katika mifuko mizito ya plastiki, bila kuzifungua, wakaifunga kwa utepe wa gundi, wakaipakia kwenye gari la Babu. Haikuwa mingi, lakini Babu aliibeba miwili miwili, na kila safari alipumzika ngazini. Jaani hapakuwa na mtu ila kunguru. Theluji ya kwanza ilikuwa imeanza kudondoka, nyembamba, isiyoshika chini. Waliishusha mifuko mmoja mmoja kwenye shimo.

"Babu, umenikasirikia?"

Babu alifunga mlango wa nyuma wa gari.

"Nilitaka sana kuyala," alisema. "Sitakuficha. Nilingoja tangu Agosti."

Thea aliinamisha kichwa.

"Nisikilize, mjukuu wangu. Kwenda kutazama kipepeo si kosa kubwa. Mtoto ni mtoto. Ungesema saa ileile, mama yako angenuna kidogo, tungewasha moto upya, ingetupotezea nusu saa. Lakini ulisema 'ndiyo' pale ulipopaswa kusema 'hapana', na neno hilo moja likakaa gizani miezi mitatu likikua. Lilipotoka lilikuwa limekwisha fika nyumbani kwa mtu asiye na hatia. Uongo hauchagui mtu wa kumdhuru. Huwezi kuuambia: nenda kwa huyu, yule mwache."

"Mama haniamini tena."

"Hakuamini, ndiyo. Ataanza tena, lakini si kwa sababu umelia. Utamwambia kweli leo, na kesho, hata katika mambo madogo yasiyo na maana, mpaka siku moja hatakwenda kutazama mwenyewe. Ni kazi ndefu hiyo. Huifanyi kwa siku kumi."

Alikohoa, akafuta pua kwa mgongo wa kiganja.

"Na jambo moja zaidi. Ulisema mbele ya watu wote, kijiko changu kikiwa njiani. Ulijua utapoteza nini, na ukasema. Kuchelewa ulichelewa. Lakini kama ungenyamaza kwa dakika moja zaidi, leo pengine ungekuwa unanizika karibu na bibi yako. Ukweli usemwe mapema, Thea. Na kama mapema imekupita, basi usemwe sasa."

Thea aliitikia kwa kichwa. Babu akampa mkono, akamsaidia kupanda garini, wakarudi nyumbani, theluji ikipiga kioo cha mbele cha gari.